Thuluthi Iliyobaki Sufuriani

Juu ya kabati la vyombo, katika nyumba ya vyumba viwili aliyopanga rafiki yangu pale La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, ilikaa kwa miaka mitatu sufuria iliyopata moto mara moja tu. Karatasi ya bei ilikuwa bado imegandama ubavuni. Kila nilipoingia kumsubiri afunge kamba za viatu vyake vya kukimbilia, macho yangu yalipanda yenyewe hadi pale juu, kisha yakashuka haraka. Niliijua habari ya sufuria ile, naye alijua kwamba naijua, wala hatukuwahi kuitaja.

Rafiki yangu ni fundi cherehani, mzaliwa wa Uvira, Mkristo wa kanisa lenye kwaya tatu. Mimi ni mtu wa Tanga, Mwislamu, mgane wa miaka sita, na kazi yangu ni kufundisha Kiarabu cha kale na vitabu vya fikihi kwa watu wazima, saa za jioni, katika ukumbi mdogo karibu na nyumbani kwangu Kensington. Yeye huniita Mwalimu, nami humwita Fundi. Tulijuana kwenye kilima cha Kensington, asubuhi ya Jumamosi, nilipokuwa nakimbia polepole macho yakiwa chini nisije nikajikwaa. Alinipita, akageuka, akaniuliza, "Mzee, unakimbia ao unatafuta ufunguo?" Nilipomjibu kwa Kiswahili alisimama kabisa, akacheka, na tangu siku hiyo tumekimbia pamoja kila Jumamosi kwa miaka minane.

Johannesburg imejengwa juu sana, karibu mita elfu moja na mia saba kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyekulia pwani huiona hewa yake kuwa kama shuka fupi: ukivuta kufunika huku, kule kunabaki wazi. Tulipanda hadi mgongo wa kilima, tukatazama kusini vilima vya manjano vya mchanga wa machimbo, tukateremka, tukangoja robot, taa za barabara kuu, iwashe kijani, na tukamalizia mbele ya spaza, kiduka cha mtaani, kwa chupa moja moja ya maji. Walinzi wa magetini, wengi wao watu wa Kivu, walimpigia kelele, "Fundi, leo tena unafukuza mwalimu wako!" Baada ya maji tuliagana. Yeye alikwenda kula kwake, mimi nikaenda kula kwangu. Huo ndio uliokuwa mpaka wa urafiki wetu, na aliyeuchora ni mimi.

Sufuria ilinunuliwa siku binti yake alipofaulu mtihani wa mwisho wa shule. Alinialika, nikaenda. Aliileta mwenyewe mezani, akaiweka mbele yangu na kusema maneno manne tu: "Mwalimu, sufuria hii mpya." Nilielewa. Alitaka kunihakikishia kwamba ndani yake hamjapikwa nguruwe wala kumwagwa pombe. Ndani mlikuwa na kuku katika mchuzi wa mawese, na harufu yake ilinifikia mpaka kooni. Lakini nilijiuliza: kuku huyu amechinjwa na nani?

Nilifunzwa tangu utotoni kwamba mgeni hachungulii jikoni mwa mwenyeji wake. Nilifunzwa vilevile kwamba mtu asile asichokijua. Adabu hizi mbili, nilizozipokea kwa mwalimu mmoja na pengine katika wiki moja, hazikupata kugongana maishani mwangu mpaka siku ile. Na zilipogongana nilichagua kunyamaza, nikidhani kunyamaza ni adabu ya tatu. Nilisema nimeshiba, nimekula nyumbani. Nikala ndizi mbivu moja na kunywa chai. Fundi akasema, "Hakuna shida," akaifunika sufuria kwa sahani, na siku ya pili yake ikapanda kabatini.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, tukiwa tumeegemea ukuta wa spaza, aliniambia kwamba dada yake anamwita Italia. Dada huyo ameishi kule zaidi ya miaka ishirini. Ameolewa na mtu wa kule, na familia ya mumewe ina shamba la mizabibu na mizeituni katika vilima vilivyo baina ya milima na bahari. Katika mji mdogo wa jirani, fundi aliyekuwa akirekebisha nguo za watu amezeeka na kufunga duka. Dada alitaka kaka yake aje alitazame, na akilipenda, ahamie.

"Nakwenda Septemba, siku kumi," alisema. "Twende, Mwalimu. Kule barabara haina robot, haina teksi, haina mtu wa kukupora simu. Ni mizabibu tu."

"Nami nitafanya nini katika shamba la mvinyo?"

"Utakimbia. Zabibu ilikatazwaka kutazamwa?"

"Haikukatazwa."

"Basi."

Kisha aliongeza, bila kunitazama, "Na tutakula meza moja. Siku kumi. Nikihama, hatutapata tena."

Nilikubali kwa sababu ya sentensi hiyo ya mwisho.

Sijui nianzie wapi kueleza asubuhi ya kwanza. Tulifika usiku, kwa hiyo sikuona kitu. Nililala katika chumba chenye kuta nene na dirisha dogo, na nilipolifungua kwa ajili ya alfajiri dunia ilikuwa imejaa ukungu hadi chini ya kidirisha, mweupe na tuli, na vilele vya vilima vimechomoza juu yake kimoja kimoja. Niliswali. Kisha nikavaa viatu nikateremka, na Fundi alikuwa tayari uani akirukaruka kama mtoto anayesubiri mvua.

Tulishika barabara ya kokoto nyeupe iliyopita katikati ya mizabibu. Baada ya mita mia chache nilitambua jambo ambalo akili ililijua lakini mwili haukuwahi kuambiwa: tumeshuka. Mapafu yaliyozoea hewa nyembamba ya Johannesburg yalikuta hewa nzito, yenye maji, tele, nayo iliingia bila kuvutwa. Nina umri wa miaka hamsini na tisa. Nilipanda mteremko ule wa kwanza nikingojea maumivu ya kawaida ya kifua, na maumivu hayakuja. Nikaongeza mwendo, hayakuja. Fundi alinitazama kando, macho yamemtoka.

"Mwalimu! Nani amekubadilishia injini?"

"Hata wewe!"

"Mimi? Mimi niko kama nimekufa nikafika mbinguni!"

Tulikimbia tukicheka, watu wazima wawili wenye magoti mabovu, na jua likaukata ukungu vipande, na ndani ya kila kipande mlitokea kitu: paa la vigae, safu ya mizeituni yenye majani ya fedha, mkokoteni, mnara. Safu za mizabibu zilipita ubavuni kwetu zikifunguka na kufungana kama kurasa. Vichala vilikuwa vyeusi, vimefunikwa vumbi jembamba la buluu ambalo ukiligusa kwa kidole linaondoka na halirudi. Nilisimama nikagusa kimoja, na nikaona aibu kama mtu aliyechafua ukurasa wa mswada.

Kwa miaka ishirini na miwili nimefundisha mlango wa vinywaji katika vitabu vya fikihi. Ninajua kwa moyo majina ya kinachokamuliwa katika zabibu, kinachoachwa kikachacha, kinachopikwa. Ninazijua hoja za wanaokubali na wanaokataa, na mpangilio wake. Siku ile, nikiwa nimesimama katikati ya safu mbili, nilifahamu kwamba sikuwa nimewahi kuliona shamba la mizabibu.

Chakula kikuu kilikuwa cha mchana, uani, chini ya chanja la mzabibu mkongwe. Meza ilikuwa ndefu kupita watu wake. Tulikuwa wanne: Fundi, dada yake, mimi, na mama mkwe wa dada, bibi mfupi wa miaka karibu tisini, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuamrisha punda. Mume wa dada alishinda mizabibuni na wavunaji na hakurudi mpaka jioni. Bibi ndiye aliyepika, wala hakuruhusu mtu mwingine ashike mwiko.

Mvinyo ulikuwa upande wa Fundi na mimi nilikaa upande wa pili. Hilo lilipangwa bila maneno. Nimetaka kuandika kwa ukweli, kwa hiyo nitasema kwamba kumtazama akinywa kulinishangaza. Katika miaka minane sikupata kumwona akiburudika polepole. Aliinua glasi mbele ya jua kama anavyoinua kitambaa kutafuta kasoro, akameza funda dogo, akafumba macho.

"Hii ni sufu," alisema. "Ina uzito, lakini haichomi ngozi. Ile ya jana ilikuwa nailoni."

Dada akamtafsiria Bibi. Bibi akapiga meza kwa kiganja.

"Anasema ile ya jana ni ya jirani," dada akatueleza, "na sasa anakupenda."

Mezani palikuwa na tambi pana katika mchuzi wa nyama uliopikwa tangu asubuhi, sungura aliyekaangwa kwa shamari, maharage meupe, jibini la kondoo, mkate usio na chumvi, mafuta ya zeituni ya kijani yaliyokwaruza koo kwa utamu. Mimi nilikula mkate, nyanya, tini, mafuta, na mayai ya kuchemsha. Nilijua kwamba nchi ile humimina mvinyo katika mchuzi kama sisi tunavyomimina tui. Sikuuliza. Siku ya kwanza nilisema safari imenivuruga tumbo. Siku ya pili nilisema mwanariadha hali sana. Siku ya tatu sikusema kitu, na hakuna aliyeniuliza. Bibi alinisogezea sahani, nikaisogeza kwa Fundi. Akanisogezea tena kwa ncha ya kidole, nikatabasamu na kugusa kifua kwa shukrani. Alinitazama kama mtu anavyotazama saa iliyosimama.

Fundi alinitania, lakini utani wake ulikuwa umepungua chumvi. "Mwalimu, weye hata maji unaulizaka ukoo wake," alisema siku ya tatu, na nilipocheka yeye hakucheka.

Kuna jambo jingine nililoliona na kulipa maana yangu mwenyewe. Kila siku, tukimaliza kukimbia, Fundi alioga haraka, akachukua funguo za gari la dada yake, na akapotea kwa saa mbili. "Nakwenda mjini kidogo," alisema. Mimi nililala au kusoma. Nilijua mjini kuna nini: kuna duka. Mtu anayekwenda kulitazama duka siku nne mfululizo amekwisha hama, bado mizigo tu. Nilipolala kitandani mchana, harufu za jikoni zikipanda dirishani, nilihesabu siku zilizobaki, na nilijua pia kwamba katika hizo zilizopita hatujala pamoja hata mara moja. Tumekaa pamoja tu. Sikuona njia ya kurudi. Baada ya kukataa mara kumi, kuuliza ilikuwa kama kukiri kwamba kukataa kote kulikuwa dharau.

Siku ya tano walikamua zabibu za kwanza. Tulirudi kutoka mbioni kwa njia ya nyuma, na tukiwa bado mbali harufu ilitupokea. Nimejaribu mara nyingi kuiandika nikashindwa. Ilikuwa harufu ya sukari inayokaribia kuungua na isiungue, ya tini, ya moshi wa mti mkavu, na chini yake kitu kichachu kidogo kilichoiamsha yote. Uani Bibi alikuwa amesimama mbele ya sufuria kubwa ya shaba nyekundu iliyokaa juu ya moto wa kuni, anakoroga kwa mwiko mrefu kuliko yeye. Kioevu kilikuwa cha rangi ya udongo mwekundu, kinachemka taratibu, povu limesukumwa pembeni, na kokwa tano za jozi zenye maganda zikizunguka ndani na kugongana kwa sauti ya kete.

"Anapika nini?" nilimuuliza dada. Lilikuwa swali langu la kwanza kuhusu chakula tangu tulipofika, ingawa wakati huo sikulitambua.

"Ni maji ya zabibu, Mwalimu. Zimekamuliwa leo saa kumi na mbili. Wanayachemsha mpaka yanakuwa kama asali. Wanaweka kwa mkate, kwa jibini, watoto wanachanganya na maji ya baridi wanakunywa. Jozi ni ya kuyazuia yasigande chini."

"Hayakulala? Hayakuachwa hata usiku mmoja?"

Dada alitafsiri. Bibi alinigeukia kwa mara ya kwanza siku hiyo, akajibu kwa maneno mengi na makali.

"Anasema yangelala yangekuwa divai, na divai haichemshwi mpaka ikauke, ni dhambi."

Nilikaribia. "Yanachemshwa mpaka yabaki kiasi gani?"

Bibi hakungoja tafsiri. Alichukua fimbo iliyoegemea ukuta, fimbo ya mti mweupe uliogeuka kahawia kwa miaka, akainyoosha mbele yangu. Ilikuwa na alama mbili zilizokatwa kwa kisu. Aligusa ncha ya juu: hapo maji yalianzia. Akagusa alama ya kwanza, akatikisa kichwa. Akagusa ya pili, ya chini, akakata hewa kwa kiganja: hapo moto unazimwa. Sehemu tatu. Mbili zinakwenda na moshi, moja inabaki.

Wale waliosoma mlango ule wa fikihi wanajua niliona nini. Kipo katika vitabu hivyo kinywaji cha zabibu kinachopikwa kikiwa kibichi, kabla hakijachacha, hata thuluthi mbili ziondoke ibaki thuluthi moja. Kinakuwa kizito kama lami wanayopakwa ngamia, na watu wa zamani walikinywa na kula nacho mkate bila wasiwasi. Nimekieleza kitu hicho kwa wanafunzi wasio na idadi. Nimechora duara ubaoni nikaligawa mara tatu. Daima nilikihesabu miongoni mwa vitu vilivyokufa, vilivyobaki majina tu. Sasa kilikuwa kinachemka mbele yangu, kinanirushia matone ya moto kwenye mkono, na anayekipika ni bibi Mkristo ambaye hajui kwamba kipimo cha fimbo yake kimeandikwa katika kitabu kilicho kwenye begi langu.

Ndipo nilipoitazama fimbo vizuri zaidi, nikaona kwamba nafasi hazilingani. Kutoka ncha ya chini hadi alama ya chini palikuwa parefu kuliko kwingine. Nilidhani ni kosa la mkono. Kisha nikaitazama sufuria: imebana chini na kutanuka juu. Aliyeikata fimbo ile alikuwa ameupima ujazo, wala hakuupima urefu. Thuluthi yake ilikuwa thuluthi ya kweli.

"Nani aliikata?"

"Nyanya wa mume wa Bibi," dada akasema. "Na alama alizitoa kwa fimbo ya zamani kuliko hii."

Niliketi juu ya gogo la kuni. Nikasema, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, "Naomba kuonja."

Fundi, aliyekuwa akivua viatu kizingitini, aliacha kimoja mguuni. Bibi alimtazama dada, akauliza jambo, na dada akaanza kucheka, kisha akaacha kucheka ghafla akanielekea kwa hasira.

"Anauliza kwa nini leo ndio unauliza. Mwalimu, siku tano! Siku tano mama huyu hajatia tone la divai kwa chungu chochote. Anapika mchuzi anasema una ladha ya hospitali. Nguruwe yote ametoa nyumbani, amepeleka kwa jirani, yule wa nailoni. Nyama, sungura, kila kitu ni cha mchinjaji Mmoroko, na yeye iko mbali, ni mwendo wa saa moja, hana friji kubwa, lazima uende kila siku. Unafikiri nani anakwendaka?"

Nilimtazama Fundi. Alikuwa akikitazama kiatu.

"Duka?" nilisema.

"Duka nililiona siku ya kwanza. Dakika kumi." Aliinua mabega. "Siku zingine nilikuwa kwa kondoo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekula kwa sababu yangu. Nilitaka ule kwa sababu una njaa." Akavua kiatu cha pili. "Na weye, kwa nini haukuuliza?"

"Kumuuliza mwenyeji juu ya chakula chake ni utovu wa adabu."

"Eish, Mwalimu." Alisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Adabu yako itakuua na njaa. Hata yule kuku wa siku ya binti, alichinjwa na Mtanga mwenzako, yule fundi wa viatu pale Rosettenville. Nilimleta mpaka nyumbani, akasoma Bismillahi yake uani kwangu, jirani wakakuja kutazama. Sufuria niliinunua mwisho, kuku ilitangulia."

Miaka mitatu ilinipitia pale juu ya gogo. Nilikuwa nimemhukumu kuwa mtu aliyekumbuka chungu akasahau kuku. Kumbe alikumbuka vyote, akanitajia kimoja, kwa kuwa kutaja vyote aliona ni kujigamba. Alininyamazia kwa heshima, nikamnyamazia kwa heshima, na sufuria ikapanda kabatini.

Nilisimama nikasema, "Fundi, nisamehe."

"Kwanza kula," alisema. "Bibi anangoja."

Bibi alikuwa ameshika kijiko cha mbao, amekipuliza. Kioevu hakikuwa kimefika alama ya chini. Kilibakiwa na upana wa vidole viwili. Alinitazama, akaitazama fimbo, akaurudisha mkono wake nyuma, akatikisa kichwa. Hapana, bado. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Katika maisha yangu yote sikuwa nimekutana na mtu aliyekuwa na uangalifu kunishinda.

Tulingoja karibu saa moja. Moto ulipozimwa nilipewa kijiko changu, na nikaonja kitu nilichokisoma nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Kilikuwa kitamu na kizito, chenye ukali mdogo mwishoni, kama neno linaloeleweka baada ya sentensi kwisha. Halafu tukaketi mezani. Nilikula tambi. Nilikula sungura aliyeletwa jana, nikavunja mifupa yake kwa vidole. Nilikula maharage yaliyoiva katika mafuta, nikapangusa sahani kwa mkate, nikaomba tena, na Bibi akaongeza bila kutabasamu kama mtu anayelipwa haki yake. Fundi alishika glasi yake ya mvinyo. Mimi nilishika yangu, vijiko viwili vya ile thuluthi katika maji ya kisima. Rangi zake zilikaribiana, maana zote mbili zilitoka katika mizabibu ileile.

"Yako ni kitambaa gani?" aliuliza.

Nilifikiri. Sipendi kujibu bila kufikiri. "Mahameli," nilisema.

"Muongo. Umesoma wapi mahameli?"

Siku tano zilizobaki tulikimbia kila asubuhi na kula kila mchana, na mjini tulikwenda pamoja, kwa mchinjaji na kisha kwenye duka. Lilikuwa chumba cheupe chenye dirisha kubwa na meza ya kukatia iliyochakaa katikati, mahali panapoegemewa na tumbo la fundi. Fundi aliegemea. Palimwenea. Niliona kabla hajasema.

"Nilikuwa sijamjibu dada," aliniambia tukitoka. "Nilikuwa sijui kama kule Johannesburg, ukitoa binti, niko na kitu cha kuacha. Mtu anahama vizuri akijua anaacha nini."

Alirudi Johannesburg pamoja nami, kwa kuwa alikuwa na sare za shule za kumaliza na nyumba ya kukabidhi, na akasema ataondoka baada ya Pasaka. Kwa hiyo tulipata miezi sita. Kila Jumamosi, baada ya spaza, hatukuagana tena: wiki hii La Rochelle, wiki ijayo Kensington. Aliponipikia nilimuuliza kila kitu, waziwazi, mbele ya chungu, na alifurahi kujibu. "Uliza! Uliza mpaka jina la kitunguu!" Nilikula sombe yake, kisamvu cha kwao, na samaki wake wakavu wa ziwani. Naye alikula wali wangu wa nazi, akasema ni chakula cha mgonjwa tajiri.

Mwezi wa Februari zabibu za hanepoot ziliingia sokoni kutoka Rasi, kusini mwa nchi, zile za rangi ya asali zinazonukia kabla kasha halijafunguliwa. Nilinunua makasha mawili nikampigia simu. Alikuja na mfuko mkubwa kifuani, akautua juu ya jiko langu la gesi, na akaitoa ile sufuria. Karatasi ya bei ilikuwa bado ipo.

Tulikamua kwa mikono, tukachuja kwa kitambaa cha pamba alichokuja nacho. Ubavu wa sufuria ile umenyooka, kwa hiyo hesabu yake ni nyepesi: nilichukua mwiko mpya, nikaupima kwa rula, nikakata alama mbili zenye nafasi sawa. Jozi nilizinunua zikiwa na maganda. Tulisimama kwa zamu kwa saa tatu na zaidi, na ukuta wa jikoni ukalowa, na harufu ikatoka dirishani ikateremka mtaani. Mlinzi wa geti la jirani alipiga kelele, "Mwalimu, unapika nini? Unatuua!"

Nilipotaka kuonja, Fundi alinizuia mkono. Akatumbukiza mwiko wima, akautoa, akauinamia na kuusogeza karibu na taa kama anavyotazama mshono.

"Bado," alisema. "Nusu kidole."

Tukangoja. Karatasi ya bei ilikuwa imegeuka kahawia kwa joto, ikajikunja, ikaanguka yenyewe kando ya moto. Alipozima gesi nilimuuliza kama alikuja na chupa yake ya mvinyo, kwa kuwa ni karamu. Akasema leo anakunywa ya kwangu. Tulichanganya na maji baridi, tukanywa tukiwa tumesimama, mashati yetu yametugandama mgongoni kama watu waliotoka kilimani.

Wakati wa kuondoka aliuchukua mfuko wake mtupu, akaukunja.

"Sufuria?" nilisema.

"Ikae. Kule iko ya shaba."

Ameshahamia. Jumamosi napanda kilima peke yangu, na walinzi wananiuliza habari zake geti kwa geti. Nikirudi napika. Sufuria ipo jikoni kwangu Kensington, ubavu wake umeanza kuwa mweusi, na sijaipandisha kabatini.